Maneno Ambayo Baba Hakuyasema

Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la fundi cherehani
Jumatano, baada ya chakula cha mchana

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na uzigawe kabla hujaendelea kusoma. Za Baba mfikishie kwa sauti kubwa kwenye lile sikio lake zima, za Mama mpe pamoja na busu ambalo najua atalifuta kwa kiganja, na za wanao wagawie sawasawa wasije wakagombana. Je, mgongo wa Mama umetulia? Baba bado anakohoa asubuhi, au ile dawa ya mfamasia imemfaa? Na wewe, umeacha kubeba ndoo mbili kwa mpigo kama ulivyoniahidi? Mimi mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Nakula vizuri, nanenepa, na fundi cherehani wa hapa chini amenipanulia lile gauni la bluu bila hata kuniuliza, kisha akaniambia ndoa imenikubali.

Mwili ndio mzima, Dada. Habari za moyo zinahitaji ukae. Nakuomba barua hii uisome peke yako kwanza, mlango ukiwa umefungwa, kabla hujamsomea Baba. Inahusu mkutano wa Jumamosi, pale watu wa mradi wa umeme watakapokuja kuwaeleza kwamba bwawa la juu limepangiwa kukaa kwenye kinamasi chetu. Inahusu pia swali ambalo watamuuliza Baba mbele ya watu wote. Jibu lake ndilo litakaloamua kama kinamasi kitabaki au kitazikwa. Lakini siwezi kuanza na hilo. Ukianza na hasira hutamwona yule mtu niliyemwona mimi, na usipomwona hutajua nimeumia kiasi gani.

Nilikuwa na furaha, Dada. Furaha ya kipumbavu kabisa, ile ya kuimba ukiwa unasugua sufuria. Shemeji yako, huyo mliyembandika jina la Bwana Buti siku alipoingia sebuleni kwa Mama na tope lake lote, ni mtu anayeamka kabla yangu kuniinjikia maji ya chai. Mvuke ukishika kioo cha bafuni, anaandika kwa kidole jina mnaloniita nyumbani, Chiriku, nami nikiingia nalikuta linachuruzika. Anapika wali unaoungua chini, na akiulizwa anasema huo ni utafiti. Akirudi kutoka porini anasimama mlangoni bila kuingia, ananitazama tu, hadi nimuulize kama amesahau njia. Fundi cherehani, ambaye siku hizi ananipa kazi ya kuweka vifungo na kukunja pindo, amekwisha kuniambia kwamba wateja wake wanalalamika, ati tunacheka mno huko juu na dari lake ni jembamba.

Kazi yake alinifundisha kwa mabeseni mawili. Unakumbuka nilikuwa nikiwaambia anafanya kazi ya mabwawa, na wewe ukiniuliza mabwawa gani, nami nikigeuza maneno? Siku moja mchana alichukua beseni moja akaliweka kwenye ngazi ya juu, jingine akaliweka chini kwenye mkeka wa mlangoni, katikati akapitisha mpira wa maji. Akanieleza kwamba umeme haukai ghalani kama mahindi. Jua likiwaka sana na upepo ukivuma sana, umeme unakuwa mwingi kuliko unaohitajika, na usipotumika unapotea bure. Basi wanautumia huo wa ziada kupandisha maji kwa pampu kutoka bwawa la chini hadi bwawa la juu. Jioni, watu wakiwasha taa na majiko yao wote kwa pamoja, yale maji yanaachiwa yashuke, yanazungusha mitambo, umeme unarudi. Maji ni yaleyale, yanapanda na kushuka. Halafu akaachia mpira, maji yakaruka, yakamlowesha yeye, yakanilowesha mimi, yakashuka ngazi zote hadi kwenye vitambaa vya fundi. Tulikaa kwenye ngazi tukicheka huku fundi akitutukana kwa upole.

Nikamuuliza sasa yeye pale kazi yake ni ipi, maana pampu hazijui. Akasema wahandisi wanatafuta mahali ambapo maji yataanguka vizuri, na yeye anatafuta mahali ambapo yataanguka bila kuua. Dada, nilimpenda upya hapohapo, nikiwa nimelowa. Niliona nimeolewa na mtu ambaye kazi yake ni kuvisemea vile visivyo na mdomo.

Kulikuwa na sehemu tatu za kuchaguliwa. Ya kwanza ni ule mlima wenye msitu mzito, ambao waliufuta mapema kwa sababu ya miti. Ya pili ni machimbo ya mawe ya zamani, ambako ardhi imekwisha kuchimbwa na kutobolewa siku nyingi na hakuna wa kulilia kitu, ila mabomba yangekuwa marefu zaidi na kazi ngumu zaidi. Ya tatu ni kwetu. Bwawa la chini lingekaa kule kwenye bonde kavu la changarawe, ambako hata mbuzi hawaendi, na la juu lingekaa kinamasini. Ndivyo alivyofika nyumbani mara ya kwanza, na ndivyo alivyonikuta nikianika nguo, mengine unayajua maana ulikuwa ukichungulia dirishani.

Sharti la kazi yao ni moja, na alinieleza yeye mwenyewe tukiwa bado wachumba. Kila mahali pahesabiwe mara mbili, wakati wa kiangazi na wakati wa mvua. Mahali paweza kuonekana pamekufa katika msimu mmoja na kumbe katika msimu mwingine ndipo wanapozaliwa viumbe wa nchi nzima. Anayehesabu msimu mmoja tu, alisema, ni sawa na mtu aliyepita sokoni siku isiyo ya soko akaandika kwamba watu wa mji ule hawali.

Kiangazi alihesabu kweli. Baba ndiye aliyempandisha. Wewe ulikuwepo waliporudi, mabuti yamejaa vumbi, Baba akijigamba kwamba kijana huyu ana miguu. Alinisimulia mume wangu mwenyewe jinsi walivyosimama katikati ya kinamasi na pote ni nyasi za manjano na udongo uliopasuka kama kisigino. Baba alimwambia asidanganyike na ukimya ule, kwamba vyura wote wako chini ya miguu yao wamelala, na kwamba mvua ikishika, ndege korongo wanakuja kutaga kwenye matete hadi mtu hasikii anachosema mwenzake. Akamwambia arudi mvua ikishika, atampandisha tena. Mume wangu akajibu kwamba atarudi, akampa Baba mkono. Alinisimulia hayo huku macho yakimng'aa.

Sasa nifike kwenye harusi, ambayo mpaka juzi ilikuwa siku yangu tamu kuliko zote. Utakumbuka tulikuwa tumepanga tuoane baada ya mvua. Ni yeye aliyekuja kuomba isogezwe mbele. Shangazi alimcheka, akamuuliza kama bibi arusi anaoza. Yeye akasema hawezi kungoja, basi. Mimi nilijificha jikoni uso ukiwaka moto, nikiwaza kwamba duniani hakuna mwanamke aliyetakwa kama mimi. Tukaoana mawingu yakijikusanya. Siku tuliyoanza fungate, simu yake ikaita, akatoka nje kuongea na mkuu wake, aliporudi akaniambia alitakiwa porini wiki ile lakini safari ameivunja kwa ajili yangu. Nililirudia neno hilo kwa kila mtu. Nilikuandikia wewe, nilimwambia fundi cherehani, nilimwambia mama anayeuza matunda kona ya barabara. Amevunja safari kwa ajili yangu.

Wiki nzima ilinyesha. Ile nyumba ya wageni ilikuwa ya bati, tukilala tunasikia mvua kama watu wanapiga makofi, nami nilimwambia kwamba mbingu zinatushangilia. Akainuka, akaenda dirishani, akasimama akitazama maji yakishuka. Nilidhani amezidiwa na mapenzi. Nilimfuata nikamkumbatia kwa nyuma, nikaweka shavu mgongoni kwake. Mgongo wake ulikuwa mgumu kama ubao. Hata hilo nililipenda, Dada, nikasema moyoni kwamba huyu ni mwanaume wa hisia nzito.

Habari ya kwamba tumechaguliwa sisi ilikuja mwezi uliopita. Aliniambia mezani, huku akikata mkate vipande vidogovidogo asivyovila. Alisema jopo la mradi limejumlisha alama za sehemu zote tatu na eneo letu ndilo lililoonekana halina madhara, machimbo yamekuwa ya pili. Nilishika kichwa. Nilimuuliza kinamasi je, korongo je, na chemchemi ya nyuma ya nyumba ambayo maji yake yanatoka huko juu. Akasema hata yeye ameumia, lakini alama hazina shemeji wala mkwe, zinasema zilivyo. Nikamwonea huruma. Nilimfariji mimi, Dada. Nilikaa kwenye magoti yake nikampapasa kichwa nikimwambia si kosa lake, kwamba najua alipigania, kwamba walio juu yake hawana moyo. Alifumba macho akaniacha niseme. Nilisema mengi, unanijua.

Jumapili iliyopita alikuja kututembelea mwenzake wa kazini, mama mmoja mnene, mcheshi, ambaye wote wanamwita Mama Vyura kwa sababu vyura ndio kazi yake. Alikuja kumwona bibi arusi, akaniletea seti ya vikombe. Alinigeuzageuza mbele ya dirisha akisema sasa anaelewa kwa nini mtu wao siku hizi anavaa shati lililopigwa pasi. Mume wangu akashuka dukani kununua soda, tukabaki sisi wawili, nikimimina chai kwenye vile vikombe vipya.

Mama Vyura akaniambia wana deni la shukrani kwangu na kwa baba yangu. Nikamuuliza deni gani. Akaeleza kwa furaha tu, bila hila, kwamba hesabu ya mvua ya eneo letu ilikuwa imewatia wasiwasi, maana yeye binafsi alitaka kwenda kusikiliza vyura na alizuiwa na ubovu wa barabara. Wiki ile mume wangu alikwenda peke yake, akarudi na taarifa kwamba hata kwenye mvua mahali ni pakavu, nyasi tupu, ndege wa kupita njia tu. Jopo lilisita. Mwenyekiti wao akauliza kama kuna mwenyeji anayeweza kuthibitisha. Ndipo mume wangu alipowatuliza.

"Alituambia mzee mwenyewe amesema korongo waliacha kuja zamani," Mama Vyura akasema, "na yule mzee ni baba mkwe wake, hawezi kumficha kitu. Nani angebisha tena? Sasa mwenyekiti anataka Jumamosi amsikie mzee akisema kwa mdomo wake mbele ya watu, tufunge kazi."

Chai ilijaa kikombeni, ikajaa kwenye kisahani, ikaingia kwenye kitambaa cha meza. Mama Vyura akacheka, akasema hivyo ndivyo walivyo mabibi arusi, mawazo yako kwingine. Nikaomba radhi. Nikamuuliza, kana kwamba ni udaku tu wa mke, hiyo safari ya mvua mume wangu alikwenda wiki gani. Akanitajia. Ilikuwa wiki ya fungate yetu.

Duniani kote, Dada, ni mtu mmoja tu anayejua kwa hakika kwamba mume wangu hakupanda kinamasini wiki ile. Ni mimi. Nilikuwa nimemkumbatia.

Akaingia na soda. Alinitazama mara moja tu akajua. Mama Vyura alikunywa, akatania, akaaga, akaniambia tupate mapacha. Tulimsindikiza hadi chini. Fundi cherehani alikuwa ameketi mlangoni kwake, akaniuliza mbona nimenyamaza leo, nimemeza sindano? Tulipopanda ngazi nilikwenda mbele, yeye nyuma, na hakuna aliyemshika mwenzake mkono.

Sikupiga kelele. Nilimwomba anieleze, nikakaa upande wa pili wa meza ili nisimguse nikalainika. Akaeleza. Alisema mkuu wao alikuwa akiwasukuma wamalize, barabara ya kwetu ikinyesha haipitiki, na yeye aliona akingoja kwanza amalize hesabu ya mvua, harusi itaahirishwa hadi mwaka mwingine na huenda mimi ningebadili nia. Aliwaza atakwenda baada ya fungate. Baada ya fungate daraja likawa limekatika. Jopo likadai hesabu. Aliwaza kinamasi kile alikiona kikavu kiasi kile, hakitakuwa na tofauti kubwa. Nikamuuliza na maneno ya Baba je. Akainama. Akasema swali lilimjia ghafla mbele ya watu, neno likamtoka, na likisha kutoka akaona limewatuliza wote, hakujua namna ya kulirudisha.

"Nilifanya kwa ajili yako," akaniambia. "Kwa ajili yetu."

"Usiniweke mimi humo," nikamwambia.

Hayo tu. Nikaenda bafuni nikafungulia maji yapige kelele.

Nimelala macho wazi siku hizi zote nikijaribu kupanga maumivu yangu, yapi makubwa, yapi madogo. Kudanganya kazini ni kubaya, lakini watu wanadanganya kazini. Kinamasi kinaniuma, naona wale korongo wakizunguka juu wakitafuta pa kutua na chini ni zege. Lakini linaloninyima pumzi ni jingine. Aliposimama mbele ya wenzake hakuwa na ushahidi wowote, basi akautoa mfukoni undugu wetu. Mimi ndiye ushahidi. Posa yake, mkono aliompa Baba, sahani aliyokula kwa Mama, machozi yangu siku ya harusi, vyote alivigeuza muhuri wa kugongea uongo wake, na walimwamini kwa sababu amenioa. Angekuwa mpangaji tu au mpita njia wangemuuliza mara mbili. Na mimi nilikuwa nikitembea mtaani nikiitangaza ile wiki kama zawadi.

Nimejiuliza pia kama aliisogeza harusi kwa sababu hakuweza kuningoja au kwa sababu hakutaka kupanda mlima kwenye matope. Nimemuuliza. Ameapa ni kwa kunipenda. Namwamini, na hilo halinipi nafuu hata kidogo.

Sasa ukae vizuri, maana hapa ndipo ninapokuhitaji. Jana asubuhi alikuja kukaa kando yangu kitandani, hajanyoa, macho mekundu. Aliniambia mwenyekiti akisikia Baba anakana, kazi imekwisha, jina limekwisha, hakuna atakayempa hata mchwa ahesabu. Kesho Alhamisi anatangulia na gari la wenzake kuandaa mkutano, na atalala kwa jamaa wa kijijini. Akaniomba.

"Mwandikie dada yako," akasema. "Amwambie Baba akubali tu kwamba alisema hivyo. Baba atakubali, kwa ajili yako."

Barua aliyoniomba ndiyo hii. Ameniletea karatasi na bahasha yeye mwenyewe. Simu za huko mnazijua, ukipata mtandao Baba hasikii, akisikia mtandao umekwenda, kwa hiyo ataibeba mkononi mwake.

Na ni kweli, Dada, Baba atakubali. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote. Wewe unamjua. Nilipotoroka shule kwenda kutazama mpira, ni Baba aliyemwambia mwalimu mkuu kwamba alinituma dukani, na uso wake haukutikisika. Nilipounguza mboga ya wageni alisema ni yeye aliyesahau kuutazama moto. Watamwuliza Jumamosi kama aliwahi kumwambia mkwe wake kuwa korongo hawaji tena. Atamtazama mkwe wake, atanifikiria mimi na nyumba yangu changa, atafikiria aibu ya binti kurudi na masanduku kabla pazia halijafifia, na atasema ndiyo, nilisema. Atakizika kinamasi chake kwa mdomo wake ili mimi niendelee kucheka ghorofani. Kisha atarudi nyumbani, hatamwambia mtu, na mvua ikija atakaa nyuma ya nyumba akisikiliza pampu.

Mume wangu anajua hivyo. Hapigi hesabu ya uongo wa Baba. Anapiga hesabu ya upendo wa Baba, na mara hii hajakosea.

Basi mwambie Baba asinilinde. Mwambie polepole, kwa sikio zima, urudie mpaka uhakikishe amesikia. Mwambie Chiriku wake amesema hivi: akiulizwa, aseme alichosema siku ile wamesimama kwenye nyasi za manjano, neno kwa neno, asiongeze wala asipunguze. Asiseme kwa hasira, asimtukane mtu. Aseme tu, na awaambie warudi mvua ikishika. Wakirudi, wakasikiliza usiku na mchana, wakahesabu kila kiota, na bado jumla ikasema ni kwetu, nitalia lakini nitakubali, maana najua umeme unahitajika na mahali fulani lazima pachaguliwe. Sitaki kwetu pahurumiwe. Nataka pahesabiwe.

Na kama Baba atauliza ndoa yangu je, mwambie hiyo si yake kuibeba. Nilipomwambia nimempata mtu, alinipa baraka. Hakuwa na deni jingine.

Utaniuliza kama bado nampenda. Naona aibu kukujibu. Leo asubuhi aliandika tena kwenye kioo, jina lilelile, na nilisimama pale nikilitazama likichuruzika na sikulifuta. Nampenda, na siwezi kukaa naye meza moja bila kuona mahali pale pa uongo, kama mtu anayekula akitazama ufa wa ukutani. Sijui vitu hivi viwili vinakaaje ndani ya mtu mmoja. Nilisoma mpaka nikamaliza sekondari na hakuna aliyenifundisha.

Bahasha hii sitaifunga. Jioni akirudi nitampa ikiwa wazi na nitamwambia haina yale aliyoyaomba. Nitamwambia kila kilichomo, hata habari za mgongo wake dirishani. Kisha nitamwachia aibebe au asiibebe. Sitaki kumtuma na barua ya kumchoma bila yeye kujua anachokibeba, maana hivyo ndivyo alivyonifanyia mimi, alinibeba mkutanoni bila mimi kujua. Akikataa, Ijumaa nitapanda basi na utaniona mimi mwenyewe mlangoni, na haya yote nitamwambia Baba uso kwa uso.

Kwa hiyo Dada, kama unasoma mstari huu, ujue ni yeye aliyekuletea, akijua. Pengine amesimama hapo uani sasa hivi na mabuti yake, hajui akae au aondoke. Usimtukane. Mpe maji ya kunawa na kiti. Halafu mwelekeze kwamba Baba yuko nyuma ya nyumba, aende kwake mwenyewe, aseme yeye kwanza kabla hujasoma wewe. Ukimwona ameanza kwenda, kunja karatasi hii uiweke mfukoni, huenda usihitaji kuisoma kwa sauti.

Nawabusu wote. Mpe Mama pole ya mgongo, wape watoto salamu za mama yao mdogo, msalimie na jirani yule anayekopa chumvi. Nikumbuke ukiinua mikono kuomba, uniombee nipate usingizi.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Chiriku